Mdomo wa Mwalimu wa Afya

Miaka ile ya sitini nilikuwa mwalimu mpya karibu na Homa Bay, na somo langu la kujivunia lilikuwa afya. Niliwakaririsha watoto kwamba vitamini B2 hulinda ngozi, ulimi na midomo, na kwamba hupatikana katika maziwa, maini, dagaa wa omena na mboga za majani. Kisha nilirudi nyumbani nikala mkate mweupe na chai ya rangi, asubuhi na jioni. Mwalimu mzima mwenye cheti nionekane sokoni nimebeba fungu la osuga, ile mboga chungu ya bibi zetu? Sikuwa tayari kujishusha hivyo.

Pembe za mdomo wangu zikapasuka. Ulimi ukawa mwekundu, ukaniwasha. Sikuweza kucheka wala kupiga mwayo, na watoto wakadhani nimekuwa mkali. Nilijipaka dawa ya zambarau, nikafanana na mtoto aliyeiba matunda. Vitamini sikuikumbuka hata kidogo. Ile ilikuwa ya kufundishia.

Nikiwa katika hali hiyo, siku ikafika ya kwenda Oyugis na mjomba wangu kumposa msichana niliyempenda mno. Niliogopa sana kukataliwa. Bibi yake, ambaye neno lake ndilo lililoamua mambo pale, aliutazama mdomo wangu muda mrefu. Akamwambia mjomba, wala si mimi, kwamba hawezi kumpeleka mjukuu wake kwenye nyumba yenye njaa.

Mjomba akaanza kusifu mashamba yetu. Nikamkatiza, jambo ambalo mposaji hafanyi.

"Dani, chakula kipo," nikamwambia bibi, nikimwita kwa Kijaluo. "Ni mimi naona haya kukila."

Kuku wa wageni alikuwa tayari mezani. Bibi akamsogeza kwa mjomba, na mbele yangu akaweka bakuli la osuga iliyolazwa katika maziwa. Nilikula huku machozi yakinitoka, vidonda vikiuma na aibu ikiuma zaidi. Mjomba alimaliza mapaja yote mawili. Kisha bibi akasema niende nikale hivyo hivyo, mdomo ukipona nirudi.

Nikanunua osuga mchana kweupe, wanafunzi wangu wakiniangalia. Baada ya majuma matatu nilirudi Oyugis. Bibi hakuuliza mshahara wala ukoo.

"Cheka nione," akasema.

Nikaupanua mdomo kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani. Akachungulia pembe moja, akachungulia ya pili, kisha akamwita mjukuu wake aje anipakulie mboga.