Turbo Niliyoitaka Mimi

Turbo niliitaka mimi. Mume wangu alikuwa fundi magari pale Mpanda, mtu wa taratibu, na mimi nilikuwa nanunua mchele Majimoto kwa pikapu yetu ya petroli. Alinifundisha kuendesha mwenyewe. Lakini kila safari nilikuta wanunuzi wengine wameshafika, na jambo hilo lilininyima usingizi.

Turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini ipate nguvu zaidi, niliipata kwenye gari dogo la petroli lililopinduka njia ya Kakese. Niliipeleka gereji nimeifunga kwenye kanga.

"Mama, hii haifungwi kwenye injini hivi hivi," alisema mume wangu. Akachukua pampu ya baiskeli, akaziba tundu kwa kidole, akaniambia nisukume. Nilisukuma mara chache tu, pampu ikawa ya moto.

"Hewa ikibanwa inapata joto. Injini yetu inaibana mara tisa, na hiyo tayari ni nyingi. Turbo itashindilia hewa zaidi. Petroli italipuka kabla plagi haijawasha. Lile gari lilitengenezwa libane kidogo, makusudi."

"Basi na yetu ipunguze."

"Nahitaji gasketi nene, kichwa cha injini kiinuke kidogo, hewa ipate nafasi. Mpaka niiagize Tabora. Wiki tatu."

Mavuno yalikuwa yameshaanza. Nilimsumbua asubuhi, nikamsumbua mchana, nikaacha hata kumpelekea chai. Siku ya nne akaifunga turbo bila kusubiri ile gasketi nene.

Tukaondoka kwenda Majimoto, mimi nikiendesha, na hadi Sitalike gari lilikimbia kuliko nilivyowahi kuliona. Tulipoingia hifadhini nikaanza kusikia mlio, kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo.

"Legeza mguu," alisema. "Inagonga, petroli inalipuka mapema."

"Kidogo tu, tuvuke hapa."

Hatukuvuka. Injini ilipiga kishindo, moshi wa bluu ukatoka, nguvu ikaisha. Tukafunga vioo, maana mbung'o walikuwa wengi, na kushuka hakukuwezekana. Tulikaa humo tukivuja jasho. Nilifungua mfuko, nikaufunga, nikaangalia nyuma, nikaangalia mbele.

"Pistoni imetoboka," alisema.

"Nisamehe, Baba."

"Na mimi niliifunga huku najua," alisema. Lori la mchele lilituvuta jioni.

Gasketi ilifika mavuno yamekwisha. Aliiweka, akabadilisha pistoni, na gari halikugonga tena. Ila likawa zito kuondoka. Ukikanyaga, linajivuta kwanza kama injini dhaifu, kisha turbo inaamka na mzigo unakwenda vizuri kabisa.

"Tumepunguza kubana, ndiyo maana mwanzo ni mzito," aliniambia. "Lazima usubiri."

Zile sekunde chache zilinishinda. Msimu uliofuata nilimwomba aendeshe yeye. Nilikaa pembeni, na kila tulipoondoka mguu wangu wa kulia ulikanyaga sakafu tupu, mpaka Majimoto.