Barua Pepe na Toni ya Faksi

Programu ile ya barua pepe haikuwa ya kuuzwa. Waliitengeneza watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na aliyetaka aliruhusiwa kuifungua ndani akairekebisha. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, kazi sina, nikajitolea kuiandikia maelekezo ya Kiswahili. Chama kimoja cha akina mama wafanyabiashara kule Mtoni kilikubali kuyajaribu. Katibu wao aliniwekea sharti: Ijumaa taarifa yao iwafikie wafadhili kwa kompyuta, la sivyo wanarudi kwenye faksi na mie nishike njia.

Ijumaa akafuata mistari yangu kwa kidole. Akaandika, akabonyeza pa kutuma. Modemu, kile kidude kilichounganisha kompyuta na simu, haijamaliza hata kuita, akanyanyua simu. Ofisi nzima ilikuwa na laini moja.

"Mama, unampigia nani?"

"Nawaarifu barua inakuja. Faksi si tunapiga kwanza, tunasalimiana, ndiyo tunaomba toni, wabonyeze mashine yao ipokee? Mbona simu inalia kama paka kabanwa na mlango?"

"Barua inapita humo humo kwenye simu."

"Basi ipite. Nimeizuia? Mie naongea tu."

Nikaongeza mstari kwa kalamu: usinyanyue simu wakati barua inatumwa. Akausoma, akanirudishia karatasi.

"Huu ni utovu wa adabu. Umtupie mtu barua bila hodi?"

"Basi piga kwanza, salimia, ukate, ndipo utume."

"Niwaambie inakuja wakati imekaa hapa? Mwanangu, chuoni mlisomea uongo?"

Tukajaribu tena na tena. Kila alipobonyeza, mkono ulikwenda wenyewe kwenye simu, na kompyuta ikaandika imeshindikana. Nilitamani kung'oa waya ule ukutani. Wale waliotengeneza programu walidhani kila mtu duniani ana laini mbili? Na mimi nilikuwa nimenakili dhana yao kwa Kiswahili safi.

Alasiri uvumilivu ukamwisha. Akawapigia wafadhili, akamuuliza aliyepokea habari za watoto, za mafua, kisha: "Haya mdogo wangu, naomba toni." Faksi ikazivuta kurasa zote.

"Imefika," akasema.

"Umejuaje?"

"Si kaniambia mwenyewe?"

Nikarudi nyumbani Kimara na karatasi zangu. Nilizipekua zote, hapakuwa na mstari unaomweleza mtu atajuaje kwamba barua yake imepokewa. Nikawauliza wenye programu. Wakajibu: barua iliyoshindwa hurudishwa kwa aliyeituma; isiporudi, basi imefika.

Jibu gani hilo? Mstari huo sikuuandika.