Gari Lililofika Kabla ya Kuitwa

Jua limeshapanda na chai imepoa kikombeni. Fundi Saa, kama wenzake wanavyomtania, ameinamia kompyuta akisoma kumbukumbu za magari ya wagonjwa. Simu imepokelewa saa nane na dakika kumi usiku. Gari limefika kwa mgonjwa saa nane kasorobo.

"Haya, nitegulieni," anasema akijikuna kichwa. "Gari limefika kabla halijaitwa. Ni nini hicho?"

"Dereva mchawi," anajibu mpokea simu wa meza ya pili, bila kugeuka.

Fundi Saa, mama wa watoto wawili, huiandikia programu kampuni ndogo ya magari hayo. Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Kumbukumbu hizohizo zinasema dereva mmoja, ambaye wote humwita Mjomba, alimchelewea mgonjwa saa nzima. Amesimamishwa, na Jumatatu anaitwa mbele ya wakubwa. Wanaweza kumfukuza.

Akijaribu taarifa moja moja, saa zinatoka sawasawa. "Nikiitazama inajifanya mtoto mwema," analalamika. "Nikigeuka tu, vurugu."

Leo anawaomba wapokea simu wapige, na madereva watume taarifa za safari zao za asubuhi, wote kwa mpigo. Ofisi nzima inalia simu. Kumbukumbu zinavurugika mbele ya macho yake.

Ndani ya programu, anaeleza, kila taarifa ina kibarua wake. Waandishi wa programu humwita uzi. Vibarua wote walipewa kibao kimoja cha kuandikia saa, eti kuokoa nafasi. Mmoja akiandika, kabla hajasoma, mwenzake kafuta kaweka yake. "Basi anaondoka na saa ya jirani, wala hana habari."

Anampa kila kibarua kibao chake. Simu zinalia tena. Safari hii kila saa inakaa mahali pake.

Mjomba amefika, kofia mkononi. "Kwa hiyo, mwanangu, nilichelewa au sikuchelewa?"

"Sijui, Mjomba. Saa za siku ile zilishaharibika, hazirudi."

"Mbona hata mimi sasa sijui?"

Fundi Saa anacheka kidogo, kisha anaacha. Programu ya zamani, ile ya kibao kimoja, hajaifuta. Ameiweka kando kwa ajili ya Jumatatu.

"Wakubwa wenyewe watatoa simu zao, wapige pamoja na madereva wakituma safari zao. Halafu wasome ndani ya programu hii mbovu nani kapiga saa ngapi. Akipatikana wa kuniambia kwa uhakika, nami nitakubali kuwa ulichelewa."