Mama Mkwe wa Chumba cha Siga

Hakuwahi kujaliwa mtoto, wala hakuwa na mkwe wa kumpigia hodi, lakini kiwanda kizima kilimwita Mama Mkwe. Jina lilianzia kwa wasokotaji. Mmoja wao akimaliza kusokota siga zake, zile sigara nene za jani tupu, ilimbidi azibebe kwenye sinia la mbao mpaka mlango wa nyuma, abishe, halafu asimame nje kwa adabu akingoja kukaguliwa. Mlango ulifunguka, akatokea mwanamke mrefu mwenye aproni ya kijivu. Alichukua siga moja, akaibonyeza kwa kidole gumba karibu na sikio, akainusa, akamtazama mwenyewe aliyeileta kuanzia juu mpaka chini.

"Hii umeilowesha kama nguo ya kufua," angesema. Au, siku ya heri, "Haya, ingiza."

"Posa imekubaliwa!" wenzake wangepiga kelele kutoka mezani, na kicheko kingezunguka ukumbi mzima.

Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Kuta zote zilikuwa rafu za mbao za mwerezi, toka sakafuni hadi darini, na katikati palikuwa na kigoda chake na mabeseni ya maji yenye sifongo. Siku za ukavu alinyunyiza maji sakafuni. Siku za mvua aliyatoa mabeseni nje na kuwasha feni ndogo aliyoielekeza ukutani, maana upepo wa moja kwa moja hukausha siga ngozi na kuiacha tumbo bichi. Kila siga aliigeuza ubavu, akikagua ukungu na vitundu vya wadudu.

Maana siga mpya haivutiki. Jani kavu likiviringwa hupasuka, kwa hiyo msokotaji hulilowanisha kwanza, na jani lililolowanishwa huanza kuchacha upya, likitoa harufu ya zizi la mbuzi. Ukiivuta wakati huo ulimi unawaka, kichwa kinazunguka, na moto unakimbilia upande mmoja kama unamkwepa mdai. Inabidi ilazwe. Ikilala miezi ya kutosha, maji hutoka polepole, harufu hukatika, jani la ndani na la nje hupatana, na mvutaji hupata kile alichokilipia.

Haya yote alifundishwa na baba yake, mwanzilishi wa kiwanda. Tangu angali binti wa shule, mzee alikuwa akimketisha uani, anawasha siga moja ya fungu fulani na kumwambia anuse moshi. Mwezi uliofuata anawasha nyingine ya fungu lile lile. "Umeona? Ile ya kwanza ilikuwa inagomba. Hii inaongea." Binti alipokua mtu mzima alianza kuvuta mwenyewe, moja kwa kila fungu, jioni, uani, mguu juu ya mguu. Ndiyo ilikuwa starehe yake. Mume alipata mara moja, mtu wa maneno matamu, akamkimbia mwaka haujaisha, akamwachia maneno tu. Alirudi kwa baba yake, akapewa chumba upande wa pili wa ua, hakuondoka tena.

Mzee alipokufa, kiwanda kilikwenda kwa mwanawe wa kiume, mdogo wake Mama Mkwe. Hakuna aliyeshangaa. Mdogo mtu alikuwa na ulimi wa biashara, angeweza kumuuzia kipofu kioo, na dada hakupenda kuongea na watu wasionuka tumbaku. Lakini kabla ya kukata roho mzee aliwaita wote wawili, akamwambia mwanawe, "Kiwanda chako. Ila chumba cha nyuma ni cha dada yako. Akisema bado, ni bado." Mwana aliitikia, machozi yakimtiririka, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Miaka ilienda vizuri. Meneja, ndivyo wasokotaji walivyomwita mdogo mtu, alitafuta wanunuzi. Mama Mkwe alilaza siga. Wakigombana, waligombana jikoni kwa dada, na Meneja akaondoka akiwa ameshiba.

Kisha akatokea mwenye hoteli. Alikuwa anafungua hoteli mpya, kubwa, na alitaka siga za kiwanda kile mezani siku ya ufunguzi, na baada ya hapo kila mwezi. Meneja alirudi kutoka mazungumzo hayo akipiga mluzi. Shida ilikuwa kwamba siga zilizokomaa zilikuwa zimeshauzwa, na zile zilizokuwa rafuni zilikuwa bado mbichi.

"Dada, hizi za rafu ya chini zinatosha," alisema, akiwa amesimama mlangoni.

"Zinatosha kwa idadi. Bado zinanuka."

"Nani atajua? Watu wa sherehe wale, wameshakunywa."

"Ulimi wao utajua."

Meneja alicheka. "Mvumilivu hula mbivu, sawa. Lakini mwenye njaa hula mbichi, na wote wawili wanashiba."

"Mmoja anaharisha," dada alisema, akamfungia mlango.

Kesho yake Meneja alirudi, safari hii hakucheka. Alisema wasokotaji wana watoto. Alisema nafasi kama ile haiji mara mbili, na kwamba baba yao angekuwa hai angemwelewa. Dada akamjibu kwamba baba yao angekuwa hai, yeye Meneja asingethubutu kuuliza. Aliona uso wa mdogo wake ukikunjamana, akajua amemgusa pabaya, lakini hakuomba radhi.

Asubuhi moja alikwenda kufungua chumba, ufunguo ukagoma. Kitasa kilikuwa kipya, kinang'aa. Aligeuka kuwatazama wasokotaji. Kila mmoja alikuwa ameinamia meza yake kama anasoma. Ni mmoja tu aliyeinua macho, mama mmoja mfupi waliyemwita Kasi kwa wepesi wa mikono yake, akatikisa kichwa pole pole. Alipofunguliwa mlango na Meneja baadaye, rafu za chini zilikuwa tupu. Siga zilikuwa zimevishwa pete zao za karatasi za dhahabu, zimepangwa kwenye maboksi, zimeondoka.

Hakupiga kelele. Alichukua kitambaa akafuta rafu zile, moja baada ya nyingine, kwa sababu hakujua mikono yake aifanyie nini.

Mwenye hoteli hakuchelewa kuja. Alikuja mwenyewe, boksi kwapani, akaliweka juu ya meza ya Meneja na kulifunua. Siga nyingi zilikuwa zimevutwa robo tu na kuzimwa, nyingine zimeungua upande mmoja kama mshumaa kwenye upepo. Alisema mgeni wake wa heshima alitapika kwenye maua. Alisema watu walikuwa wanacheka. Hakuwa anafoka, na hilo ndilo lilimtisha Meneja.

Mama Mkwe alikuwa ameingia na sinia la chai, kama ilivyokuwa desturi akija mgeni. Alisikia yote akiwa amesimama pale.

"Nataka kujua jambo moja tu," mwenye hoteli alisema. "Kosa limetoka wapi, na mmelirekebisha vipi. Nikiridhika, tunaendelea. Nisiporidhika, tumemalizana."

Meneja alipangusa paji la uso. Macho yake yalikwenda kwenye boksi, yakaenda dirishani, yakamfikia dada yake yakatulia hapo.

"Nitakuwa mkweli kwako," alisema. "Anayetunza chumba chetu cha kulazia ni dada yangu. Ni mtu mzima sasa. Macho, pua, unajua tena. Alitoa fungu bichi akidhani limekomaa. Ni aibu kwangu kusema, ni ndugu yangu, lakini nimeshamwondoa. Tumebadilisha mpaka kitasa."

Mwenye hoteli aligeuka, akamtazama yule mwanamke mwenye aproni, akaelewa kuwa ndiye. "Ni kweli, mama?" aliuliza, kwa upole kabisa.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Ukumbini mikono yote ilikuwa imesimama juu ya tumbaku. Kasi alikuwa anamtazama, na nyuma yake wale wengine, watu aliokuwa akiwarudishia masinia yao miaka yote, na watoto wao anawajua kwa majina. Neno moja lingetosha. Lingemwangusha mdogo wake, na lingewaangusha wote pamoja naye.

"Uzee, baba," alisema. "Tusamehe."

Akaweka sinia mezani, akamimina chai bila kumwaga hata tone.

Jioni ile alimngoja mdogo wake. Alipika, akafunika. Alikuwa ameshapanga atakavyomtukana, na pia atakavyomsamehe, maana aliamini atakuja akilia kama alivyolia kitandani kwa baba yao. Meneja alikuja kweli. Alimshika mikono yote miwili.

"Umeniokoa, dada. Sitasahau."

"Kesho nirudishie ufunguo."

Akaiachia mikono. "Ndiyo hilo nilitaka tuzungumze. Yule mtu atakuwa anapita pita. Akikukuta mle ndani, mimi nitaonekana nani? Tulia kidogo. Pumzika. Mambo yakipoa tutaona."

Alitulia kidogo. Kidogo kikawa kirefu. Wa kwanza kumpa pole alikuwa shangazi yao, kwenye harusi ya binti wa ukoo, mbele ya watu: "Nimesikia mwanangu, macho hayo. Uende hospitali." Mama Mkwe akatazama upande wa pili wa meza, akamwona mdogo wake anakata nyama, kichwa kimeinama. Meneja hakumrekebisha shangazi. Baadaye Mama Mkwe alimfuata penye magari.

"Kwa mwenye hoteli ulikuwa na sababu. Kwa shangazi?"

"Dada, kusema kweli ulikuwa umeanza kuchoka. Mwenyewe unajua."

Alimtazama vizuri, akaona kwamba hadanganyi. Alikuwa amelirudia lile jambo kwa watu wengi mpaka limemwingia. Hilo ndilo lililomkata. Uongo wa siku ile aliweza kuumeza, kama dawa. Mtu anaogopa, anasema lolote. Lakini huyu sasa alikuwa anamwonea huruma.

Meneja aliajiri mtunza chumba mwingine, mwanamume wa makamo mwenye kipimo cha unyevu cha kuning'iniza ukutani. Mama Mkwe alingoja kusikia kiwanda kimeharibikiwa. Tuseme kweli, aliomba kiharibikiwe. Hakikuharibikiwa. Yule mtu alikuwa mtu wa kazi, alizilaza siga muda ule ule, aliwafukuza wasokotaji mlangoni kwa maneno yake mwenyewe, na Meneja, aliyekwisha kuungua mara moja, hakumharakisha hata siku moja. Maboksi yalitoka yakisifiwa. Wanunuzi walianza kuletwa kuonyeshwa chumba, na Mama Mkwe, kwenye dirisha la chumba chake upande wa pili wa ua, alimsikia mdogo wake akiwaambia: "Hapa hatuna haraka, mabwana. Siga mbichi inagomba. Sisi tunangoja mpaka iongee."

Siku aliyoyasikia maneno hayo alifunga dirisha, akakaa kitandani, akacheka peke yake mpaka akaogopa kicheko chake.

Baadaye mtunza chumba alichukuliwa na kiwanda kingine. Rafu zilikuwa zimejaa, mvua zilikuwa zimekaza, ukungu ulikuwa umeanza kuonekana kwenye siga za pembeni. Meneja alivuka ua, akabisha mlango wa dada yake. Alikuwa amenenepa, mvi zimemwingia kwenye ndevu.

"Rudi, dada. Chumba ni chako. Baba alisema."

"Nitarudi," alisema. "Nenda kwanza kwa mwenye hoteli umwambie nani alizitoa zile siga."

Meneja alimtazama kama amemwomba avue nguo barabarani. "Yule mtu ameshasahau!"

"Basi itakuwa rahisi."

"Unataka niende kwa mteja wangu mkubwa nikajiite mwongo? Kwa ajili ya kitu gani? Nani anakumbuka, zaidi yako?"

"Hakuna," dada alisema. "Ndiyo maana."

Meneja alisimama. Akavuka ua kwenye mvua bila kukimbia. Dada alimwona akiingia kiwandani, na kwa muda alidhani atatoka na koti aende mjini. Hakutoka. Siga za pembeni zilitupwa, akapatikana mtu mwingine, maisha yakaendelea.

Mama Mkwe alihama ua ule mvua zilipokatika. Kasi alimtafutia chumba mtaani kwake, na kazi ya kufua na kukunja mashuka kwenye shule ya bweni. Huko wanamwita Bibi wa Mashuka, na akikataa shuka lenye doa hulirudisha bila neno. Siga aliacha kuvuta. Alisema tangu mwanzo zilikuwa zinamlevya tu, jambo ambalo si kweli.

Mdogo wake humtembelea, si mara nyingi, na mfuko wa sukari mkononi. Wanakaa nje kwenye benchi, wanaulizana habari za magoti na presha. Tumbaku haitajwi. Akiondoka, dada humsindikiza mpaka kwenye gari, humpungia mkono, hurudi ndani. Kasi alimwuliza siku moja kama amemsamehe.

"Ni ndugu yangu," alijibu, akachukua shuka lingine.