Madoa kwenye Sakafu ya Msabah

Siku Mjaka alipomwona Bi Mwanakheir kwa mara ya kwanza, mwaka sitini na tano, mwanamke huyo alikuwa amepiga magoti juu ya ubao, ameshika ncha moja ya uzi, na mumewe Msabah ameshika ncha ya pili. Walikuwa wakimalizia sakafu ya uani katika nyumba moja ya Kiponda, ambayo mwenyewe aliondoka baada ya mapinduzi akawaachia wakae humo, waitunze. Saruji ilikuwa mbichi, imetiwa rangi nyekundu, na Msabah alikuwa akiigandamiza kwa kalibu ya mti iliyochongwa ua, ua moja baada ya jingine, akiufuata uzi. Mjaka alikuja kutia bawaba mlango wa jikoni. Alisimama kizingitini na kisanduku chake cha zana, hajui abishe hodi au arudi.

"Pita ukutani, fundi," Bi Mwanakheir alimwambia bila ya kuinua kichwa. "Ukikanyaga hapa, mume wangu atakuzika papo hapo, na juu yako agonge ua."

Msabah alicheka mpaka ikabidi aiweke kalibu pembeni. Mjaka hakupita. Alikaa kizingitini mpaka adhana ya alasiri, na urafiki wao ukaanzia hapo.

Tangu siku ile akawa mtu wa nyumba. Akitoka karakana ya samani ya Bububu, alikofanya kazi, hupitia kwao akanywa kahawa. Bi Mwanakheir alimwita shemegi, na alimtania kwa ukimya wake, akisema siku atakapotaka kuoa itabidi posa aipeleke paka. Mjaka alikuwa akitazama kikombe, akitabasamu. Watu walitoka hata Kiembe Samaki kuja kuyaona maua yale kabla ya kumwita Msabah awatengenezee yao. Msabah hawaambii kitu. Huwaacha wainame, watafute kosa, wasilipate.

Halafu maradhi yakamwingia mikononi. Mwiko ukawa haushikiki. Mwaka wa sabini na moja, alipokuwa hawezi tena kazi, alimwomba Mjaka kopo la rangi ya mbao, ile ya hudhurungi, ili azipake mwenyewe nguzo za uani. Hakuna aliyeweza kumkatalia. Alizipaka, mkono ukitetema, na rangi ikadondoka tone kwa tone juu ya maua, kutoka nguzo hii mpaka ile. Aliyaona mwenyewe yale matone. Alisema atayaondoa akishapumzika kidogo, akaingia ndani kulala. Hakuinuka tena.

Siku za msiba mikeka iliyafunika madoa. Baada ya hitma mikeka ikakunjwa, nayo yakawa wazi. Nyumba serikali ilikuwa imekwishaigawia familia nyingine, nao, kwa ubinadamu wao, walikubali kungoja eda ya mjane iishe. Baada ya hapo Bi Mwanakheir angehamia Mangapwani, kwa dada yake Sichana.

Sichana ndiye aliyekwenda Bububu kumwita Mjaka. Mjane aliye edani haonani na mwanamume wa kando, kwa hiyo Bi Mwanakheir alikaa chumbani, nyuma ya pazia, akasema naye kutoka huko.

"Shemegi, kila anayeingia hapa hutazama chini kwanza. Sitaki watakaokuja wayaone haya wakasema ndiyo kazi ya Msabah."

Mjaka alipiga magoti. Ubavuni mwa madoa aliona mabaka meupe, yamekwaruzika, na maua ya hapo yamepotea kingo. Aliuliza polepole kama kuna kitu kilichopakwa. Kisha Bi Mwanakheir akasema ni ndimu na mchanga, kama anavyosugua sinia za shaba, na kwamba alisugua mpaka mikono ikamchubuka. Mjaka alijua ndimu huila saruji.

Alichosema ni kwamba doa la namna ile halisuguliwi, hunyonywa, na kwamba anahitaji unga laini wa kuchanganya na tapentaini. Lakini unga wenyewe siku zile ulipangiwa foleni tangu alfajiri, nani angeumwaga chini? Pazia likatikisika. Sichana akatoka na kopo la poda ya waridi ambalo halijafunguliwa. Msabah alilinunua kwa ajili ya sikukuu, na mwanamke aliye edani hapaki poda wala hajitii manukato.

"Tumia," Bi Mwanakheir alisema. "Mie n'takwenda nalo wapi?"

Mjaka alikoroga, akabandika tope lile jeupe juu ya kila tone, akalifunika kwa vipande vya jani la mgomba. Kesho yake alilibandua likiwa limekauka, rangi yake kama kahawa. Akabandika jipya. Ua mzima ulinuka tapentaini na waridi pamoja. Nyuma ya pazia alisikia kilio kikianza, kisha kikageuzwa kikohozi, kama kwamba ni ile harufu tu.

Siku alipobandua tope likatoka jeupe kama lilivyowekwa, aliosha sakafu, akaifuta, akabaki amechutama. Maua yalikuwa mekundu, isipokuwa pale palipoliwa na ndimu.

"Yake yametoka?" Bi Mwanakheir aliuliza.

"Yametoka, shemegi."

"Yote?"

"Yote. Lakini yale meupe..."

"Yale ni yangu," sauti ikasema kutoka nyuma ya pazia. "Yaache, shemegi. Wakiuliza, waambie mkewe hakujua kazi."