Kijiti cha Mwalimu wa Kwaya

Kile kijiti kilinuka. Kilinuka mate ya watoto, jasho na nta ya masikio, na hata leo nikikumbuka kanisa letu la Paya, harufu hiyo hunifikia kabla ya nyimbo zenyewe. Kilikuwa cha Mwalimu Obbo, aliyetufundisha kwaya miaka ya sitini, Uganda ikiwa imepata uhuru juzijuzi tu. Kwaya nyingine ziliongozwa kwa mkono mtupu. Yeye alikuwa na kijiti chake cha kuongozea, chembamba, chenye ncha laini, na akikiinua alijiona mzungu kweli. Sikatai, mkono wake ulikuwa mzuri. Lakini akikishusha, lo! Alijikunia mgongo kwa kijiti hicho, akachokolea masikio, kisha akapita mstari kwa mstari akitutia ncha ileile mdomoni kuukandamiza ulimi, eti sauti inakwama nyuma ya meno. Alikipangusa kwenye suruali, basi, huyo kwa mtoto mwingine.

Nilivumilia kwa sababu nilikuwa nimepewa kuimba peke yangu ubeti wa kwanza kwenye mashindano ya Tororo mjini. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Niliuimba nikichota maji, nikauimba nikipalilia mtama, mpaka mama akasema nimemchosha.

Siku ya zoezi la mwisho kinanda cha kanisa kiligoma. Mwalimu akafungua ubao wa nyuma, akaingiza kijiti, akachokoachokoa, akamtoa panya aliyekufa zamani, ameshaoza, funza wakimdondoka. Akamtupa nje, akakifuta kijiti kwenye nyasi, akarudi huku anapiga mluzi. Mwimbaji wa ubeti ndiye aliyekuwa akikaguliwa kwanza.

"Achieng, fungua mdomo."

Nilibana meno. Kisha nikamwambia kijiti kimetoka kwenye panya. Hakunichapa, wala hakukasirika. Alisogea kidogo tu, akakielekeza kwa binamu yangu Nyafwono, naye akafumba macho, akafungua mdomo. Ubeti ukawa wake. Huko Tororo alishangiliwa sana, mimi nikiwa mstari wa nyuma nikiitikia.

Siku hizi wajukuu wangu wanaimba kanisani Busia chini ya kijana anayeongoza kwa mikono misafi, na akitaka wafungue midomo, anafungua wa kwake kwanza. Kwenye televisheni nikiona waongozaji wa suti na vijiti vyao vyeupe, watu wakiwasifu, mimi nageuza uso. Nyafwono bado ndiye anayeitwa kuanzisha nyimbo misibani. Mwaka jana nilimuuliza kama siku ile hakumwona panya.

"Nilimwona," akasema. "Nilitapika njia nzima hadi nyumbani. Lakini nilitaka kuimba."

Mimi pia nilitaka kuimba. Yule panya aliacha kunichefua zamani. Anayenichefua mpaka leo ni mtu mzima aliyeona jinsi sisi wawili tulivyotaka, akatunyoshea kijiti kile.