Nilivyojifunza besi kwa wapiga rock nisiowajua majina, nikapotea jukwaani Mikumi

Wakuu, heshima kwenu nyote. Mlionizidi umri, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji tu. Nimesoma mada zenu muda mrefu bila kuchangia hata neno, kwa sababu nina aibu na naandika taratibu sana. Elimu yangu ni darasa la saba.

Lakini juzi nimeona mnabishana kuhusu wapiga besi bora wa rock, nikaona hapa nami nina la kusema. Yamenitokea mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na palipo na aibu yangu nimepaacha kama palivyo.

Naishi Kilangali, wilaya ya Kilosa. Nafanya vibarua kwenye mashamba ya mpunga wa mbegu. Mpunga ukitoa masuke tunachukuliwa kuamia ndege. Unapanda kwenye dungu, yaani kichanja cha miti, unakaa huko tangu asubuhi mpaka jioni unapiga kelele na kuvuta kamba zenye makopo. Ni kazi ya kukaa peke yako. Mtu wa aibu anaipenda.

Binamu yangu Method ni mpishi kwenye kambi ya watalii Mikumi. Mgeni mmoja alimwachia folder la video za rock, naye akanirushia kwenye simu. Majina yote yalikuwa ya Kiingereza, mengine namba tupu. Mpaka leo sijui wale watu wanaitwaje. Nikawapa majina yangu.

Mwanzoni, wakuu, sikuelewa mpiga besi anafanya kazi gani.

Spika ya simu ni ndogo, sauti nzito haitoki. Kwa hiyo nilimwona jamaa kasimama pembeni ya jukwaa, vidole vinatembea, na mimi sisikii kitu. Nikadhani ni mtu wa kujaza nafasi, kama mchezaji anayepangwa kwa sababu jezi imebaki.

Siku niliyopata earphone ndiyo nikasikia. Nilishuka kwenye dungu nikasimama chini, maana nilihisi linatikisika. Ndege walikula mpunga siku ile. Msimamizi alinisema sana, nami nilikuwa naitikia tu "ndiyo bosi, ndiyo bosi", akili iko kwenye besi.

Walionikosha ni watatu.

Kuna Seremala. Huyu anaweza kupiga noti ileile wimbo mzima, kama anagongelea misumari. Mpiga ngoma anaruka, mpiga solo anapiga magoti analia na gitaa lake, Seremala yuko palepale. Ukimtoa, nyumba inaanguka.

Kuna Dada. Kavaa gauni la kawaida tu, besi inakaribia kumzidi urefu. Anapiga noti moja halafu anaiacha ijivute. Unadhani imekwisha, kumbe bado ipo chini ya miguu yako.

Na kuna Twiga, ninayempenda kuliko wote. Mrefu, mwembamba, hacheki. Kuna wimbo mmoja ubeti wote wa kwanza hagusi uzi hata mmoja. Anawaangalia wenzake tu. Halafu anaingia, na wimbo uleule unakuwa na uzito mwingine.

(Najua kuna watakaosema gitaa zito la kweli ni la dansi. Sibishi, wazee wetu walipiga. Ila hawakuwemo kwenye folder.)

Basi, kwaya ya kanisani kwetu ilikuwa na gitaa la besi limekaa stoo, hakuna wa kulipiga. Mpiga kinanda wetu, kaka Festo, alikuwa anapiga besi kwa mkono wake wa kushoto, mambo yanakwenda. Mimi nililitamani, lakini kuomba sikuweza.

Aliyeniombea ni mama. Siku moja baada ya ibada alimwambia mwalimu wa kwaya mbele ya watu, "Mwalimu, huyu kila siku anacharaza mwiko wangu wa ugali. Mpeni hilo gitaa, na mimi nipumzike kuutafuta mwiko."

Watu walicheka. Nilitamani ardhi inifunike.

Mwalimu Yeremia alisema sawa, lakini kwa sharti. Kwaya rafiki ya Mikumi ilikuwa imeliomba lile gitaa, na tulikuwa na tamasha kwao baada ya mavuno.

"Tutakwenda nalo," akasema. "Ukilimudu, tunarudi nalo. Ukishindwa tunawaachia hukohuko, wao wana watu wa kulipiga. Gitaa si pambo la stoo."

Kwa hiyo nikapewa muda mpaka tamasha.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na wapiga vyombo watanicheka.

Sikuwa na wa kunionyesha namna ya kukaza nyuzi. Nikafungua video ya Twiga, nikasikiliza sauti ya uzi wake mnene, nami nikakaza wangu mpaka ukalingana. Nikafanya hivyo kwa nyuzi zote nne. Nikawa naweka vidole vyangu anapoweka vyake, inatoka sauti ileile. Nikaona nimefaulu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba bendi nyingi za rock hulegeza nyuzi zote kidogo, nusu sauti chini ya kawaida. Wao wakiwa pamoja hakuna tatizo, kwa kuwa wote wamelegeza. Mimi nimelegeza peke yangu.

Mtauliza, mazoezini mbona hamkugundua?

Kinanda kina kitufe cha transpose, kinapandisha au kushusha sauti zote bila mpigaji kubadili vidole. Kaka Festo, kama wapiga vinanda wengi wa makwaya yetu, vidole vyake vinajua njia moja tu, mengine yote anamwachia kitufe. Siku ya kwanza ya mazoezi alisikia besi iko chini. Alibonyeza kitufe mara moja, kinanda kikashuka nusu sauti, tukapatana. Tangu hapo kila mazoezi alikuwa anabonyeza kabla hatujaanza.

Mimi nilijua nimeiva.

Siku ya tamasha tulikusanyikia Kilosa mjini, tukapita Ulaya (ndiyo wakuu, iko Ulaya huku, tumepita bila pasipoti), tukaingia Mikumi kabla ya saa nne. Gitaa nililipakata njia nzima. Mama mmoja wa sauti ya pili akasema, "Jamani mwacheni, anamuaga mchumba." Gari zima likacheka.

Kufika pale, wenyeji wakasema makwaya yote yatatumia kinanda kimoja kilicho jukwaani, ili kusiwe na kufungua na kufunga nyaya. Kinanda kikubwa, kipya, vitufe kama mahindi kwenye gunzi.

Nilimwona kaka Festo anakitazama, kidole kinatembea juu ya vitufe bila kubonyeza. Sikumuuliza kitu. Na yeye hakuniambia kitu.

Tukaitwa. Tukapanda. Festo akaanzisha, nami nikaingia kama nilivyozoea.

Wakuu, mmewahi kusikia ng'ombe wawili wanalia kwenye zizi moja, kila mmoja na msiba wake?

Ndivyo ilivyokuwa. Kila noti yangu iligombana na kinanda. Watu wa viti vya mbele walikunja nyuso. Sauti ya kwanza walianza kuyumba, hawajui wamfuate nani. Mwalimu Yeremia aliendelea kuongoza kwa mikono, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Pembeni ya jukwaa walisimama vijana wawili wa kwaya ya Mikumi, na mmoja ameshika mfuko wa gitaa, mtupu.

Nikaacha kupiga.

Niseme ukweli, kwanza niliacha kwa woga. Nilitaka kulivua gitaa nishuke. Lakini kwaya ilipobaki na kinanda peke yake, wimbo ukatulia, ukawa mzuri. Nami nikamkumbuka Twiga. Yeye husimama ubeti mzima bila kugusa uzi, na hakuna anayedhani amepotea. Nikasema moyoni, basi na mimi nisimame hivyohivyo, nisikilize.

Nikashusha kitufe cha sauti cha gitaa mpaka mwisho. Nikainama, nikaweka taya langu juu ya mbao za gitaa. Ukifanya hivyo unasikia nyuzi kupitia mfupa, hata kama spika imezimwa. Nilijifunza nyumbani umeme ukikatika.

Nikasikia mtu anasema, "Huyu kijana anabusu gitaa!" Vicheko.

Sikujali. Nilikuwa natafuta. Shingo ya gitaa ina vyuma vyembamba vilivyopangwa kama ngazi. Nikajaribu palepale pangu, siyo. Nikasogea chuma kimoja mbele. Ikakaa. Nikajaribu noti ya pili, chuma kimoja mbele. Ikakaa nayo.

Kumbe nimekosea hatua moja tu, kila mahali.

Tatizo ni kwamba mbwembwe zangu zote nilizozoea zilitegemea nyuzi za wazi, zisizobanwa na kidole. Hizo sasa hazitumiki. Nilibaki na noti tatu ninazoziamini.

Kiitikio kikafika. Nikapandisha sauti, nikapiga noti ya kwanza, nikaiacha ijivute kama Dada. Nikaenda ya pili. Nikarudi. Sikuongeza kitu.

Nilihisi mbao za jukwaa zinaitika. Sauti ya kwanza wakanyooka. Wale mama wa sauti ya pili wakaanza kucheza pamoja, na kutoka nyuma ya ukumbi kikapigwa kigelegele, kikajibiwa na kingine. Mpaka wimbo unaisha watu wamesimama.

Tuliposhuka, mzee mmoja alinifuata. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya Mikumi, yaani ndiye aliyeliomba gitaa.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Nani kakufundisha kunyamaza?"

"Sijafundishwa mzee. Nilikuwa nimepotea."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akalichukua gitaa, akakaza nyuzi nne mbele yangu, kila uzi mara moja, huku akisema, "Vijana wangu wakipotea huongeza sauti. Nina watatu wa namna hiyo." Akanirudishia. Kisha akamgeukia mwalimu Yeremia. "Mwalimu, ombi letu tumelifuta. Hili limeshapata mtu."

Mwalimu Yeremia hakunisifu, si kawaida yake. Alisema tu, "Panda nalo garini, lisikae juani."

Njiani kaka Festo alikaa karibu nami, akaniambia habari ya kitufe, na kwamba kwenye kinanda cha wenyeji hakukiona. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miezi yote ile.

"Nilidhani ndiyo mtindo wako wa rock," akasema. "Nikaona aibu kukuuliza, nisionekane mshamba."

"Na mimi niliona aibu kukuuliza kama nimekaza vizuri."

Tukatazamana. Kumbe kwenye kwaya yetu mwenye aibu sikuwa mimi peke yangu.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Zamani nilidhani mpiga besi mkubwa ni mwenye vidole vya haraka. Sasa nawarudia Seremala, Dada na Twiga, namwona kila mmoja masikio yake yako kwa wenzake kuliko kwake mwenyewe. Ukubwa wao uko hapo. Na la pili ni la sisi wenye aibu: uliza. Swali moja fupi lingeniokoa na ng'ombe wawili mbele ya ukumbi mzima.

Karibuni mchangie. Nitajieni wapiga besi wenu wa rock. Ila msinitajie siku waliyopiga vizuri tu, hiyo kila mtu anaijua. Nisimulieni siku waliyopotea katikati ya wimbo, na namna walivyorudi.